Mimea ya tangi la samaki inaoza: jibu kwa msomaji wa Tabata

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa faida ya wengine wenye tatizo kama lako naieleza kwanza kwa kifupi.

Unaishi Tabata, Dar es Salaam. Miezi miwili iliyopita ulinunua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 75, upana 30 na kimo 40, ukaweka samaki wadogo aina ya gapi kumi na wawili na mimea ya aina tano: anubiasi, kriptokorini, valisneria, kabomba na kangaga wa Java. Chini kuna mchanga mweupe wa pwani, na katikati umepanga vipande vya matumbawe na makombe uliyopewa pamoja na tangi. Maji ni ya kisima. Taa unaiwasha unapoamka saa kumi na mbili asubuhi na kuizima unapokwenda kulala saa tano usiku. Ndani ya wiki tatu kabomba ilipukutika yote, kriptokorini ikayeyuka kama mchicha uliopitiliza motoni, anubiasi ikalainika shinani, na iliyobaki sasa imevikwa nyuzi za kijani. Muuzaji anasema uongeze mbolea. Jirani anasema ukachukue magugu ya bwawani kwa sababu yamezoea shida. Wewe unauliza ufuate ushauri wa nani, au ukubali tu mimea ya plastiki.

Usifuate wa yeyote kati yao, na plastiki iache dukani. Wiki hii usinunue kitu. Tangi lako halina njaa ya mbolea. Lina mwanga mwingi kupita kiasi, lina mmea mmoja ambao maji yako hayaufai, na lina mwingine uliopandwa vibaya. Hayo yote yanarekebishika kwa vitu ulivyonavyo nyumbani na kwa kungoja wiki tano au sita.

Nianze na kile kilichokuumiza zaidi, kriptokorini iliyoyeyuka. Mashamba mengi yanayokuza mimea ya matangi huiotesha mizizi ikiwa imeloa na majani yakiwa hewani. Hukua haraka hivyo, na hakuna mwani wala konokono wa kuisumbua. Jani lililoota hewani lina ngozi yenye nta ya kuzuia lisikauke, na lina vinyweleo vya kupitishia hewa. Likizamishwa majini, maumbile hayo hayana kazi tena. Mmea hauwezi kuligeuza jani la zamani, kwa hiyo hulitelekeza, hunyonya humo unachoweza kuokoa, na kwa akiba hiyo hutoa jani jingine jembamba na laini, la majini. Sisi tunaotazama kwa nje tunaona kifo. Kriptokorini ndiyo hodari wa tabia hii. Hata ukibadilisha maji au taa ghafla huangusha majani yote. Mizizi yake lakini hubaki hai mchangani, na mara nyingi baada ya wiki tatu au nne utaona ncha ndogo zinachungulia. Wengi huwa wameshaing'oa na kuitupa kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo kata kwa mkasi majani yaliyooza ili yasichafue maji, na kisiki kiache palepale kilipo.

Anubiasi ni kesi nyingine. Huyu na kriptokorini ni wa ukoo mmoja na majimbi tunayokula, lakini anubiasi ana shina nene linalotambaa kama tangawizi, na shina hilo halitakiwi kufukiwa. Kwao ni kingo za mito na vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kati, Kongo ikiwemo, ambako hushikilia mawe na magogo huku mizizi ikining'inia. Likifukiwa mchangani shina huoza kuanzia chini. Miaka ya mwanzo nilizika miche miwili mizuri kwa namna hiyohiyo, nikayalaumu maji kwa miezi kadhaa, hadi nilipoing'oa na kunusa. Itoe yako leo. Bonyeza shina kwa vidole: penye ugumu pako hai, penye ulaini na harufu kata utupe. Kipande kigumu cha sentimita tatu chenye majani mawili kinatosha kuanza upya. Kifunge juu ya jiwe kwa uzi wa pamba. Utakapooza uzi, mizizi itakuwa imeshalishika jiwe. Kangaga wa Java naye mfanyie vivyo hivyo, kwa kuwa shina lake ni la aina hiyohiyo.

Sasa mwanga, ambao ndio kiini cha barua yako yote. Wewe unawasha taa saa kumi na saba kwa siku. Hata jua letu huku karibu na Ikweta hufanya kazi saa kumi na mbili tu, na mchana kutwa lina mawingu na vivuli. Mmea hutumia mwanga kuunganisha maji na hewa ukaa ili ujipatie chakula. Hewani hewa ukaa husafiri upesi, lakini ndani ya maji husambaa polepole, karibu mara elfu kumi polepole zaidi. Na maji yanayopata hewa ukaa kutoka hewani tu hubeba chini ya miligramu moja kwa lita. Samaki na bakteria wa tangi huongeza kidogo. Kwa hiyo saa chache baada ya kuwasha taa, mimea yako imeshamaliza karibu yote iliyokuwemo, na mwanga unaoendelea kumiminika hauna wa kuutumia. Ukichochea kuni chini ya chungu kilichokauka, maharage hayaivi mapema; yanaungua.

Anayefaidi saa hizo za ziada ni mwani, ndio hizo nyuzi zako za kijani. Hauna mizizi wala shina la kulisha. Ni uzi mwembamba ambao kila chembe yake inagusa maji moja kwa moja, hivyo hutosheka na mabaki ambayo mmea mkubwa hauwezi kuyafikia. Hukaa kwanza juu ya majani yanayokua polepole, na ndiyo maana anubiasi yako imevikwa kuliko mingine. Jina lake lenyewe limetokana na Anubi, mungu wa wafu wa Misri ya kale, kwa kuwa mmea huu hupenda kivuli. Mweke pembeni ya tangi au chini ya majani marefu ya valisneria, asikae katikati ya taa.

Picha za bustani za majini unazoziona mtandaoni, zenye zulia la kijani na mwanga mkali, zisikukatishe tamaa. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyeuvumisha mtindo huo duniani, na matangi ya namna hiyo hulishwa hewa ukaa kutoka kwenye mtungi kama ule wa mashine za soda, mpaka maji yawe na miligramu 20 hadi 30 kwa lita. Mwanga ule una chakula cha kulingana nao. Wako hauna. Wapo wanaotengeneza hewa ukaa kwa chupa ya sukari na hamira. Kwa joto la Dar es Salaam hamira huchacha kwa fujo siku tatu za kwanza kisha hufifia, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakoleta ule mwani mweusi wa kama ndevu, mgumu kung'oka kuliko huo wa kijani. Kwa tangi lako nakushauri uiache.

Punguza taa hadi saa sita. Iwashe saa kumi jioni, izime saa nne usiku, ili uwe nyumbani uifurahie. Kama tangi liko karibu na dirisha linaloingiza jua, lisogeze au weka pazia zito. Baada ya wiki nne, kama nyuzi zimekoma kuongezeka, ongeza saa moja. Baada ya wiki nyingine mbili, nusu saa tena. Usivuke saa nane. Ukinunua taima ndogo ya kuchomeka ukutani utapumzika, ila ikague kila umeme unapokatika, kwani zile za kuzungusha kwa mkono hubaki nyuma kwa muda wote ambao umeme haukuwepo.

Nyuzi zilizopo usizitilie dawa. Chukua mswaki wa zamani, uzungushe ndani ya nyuzi kama unavyozungusha uma kwenye tambi, uvute. Fanya hivyo kila siku mbili. Jani lililofunikwa zaidi ya nusu likate, halitapona. Na chakula cha samaki wape mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Kinachozama kinaulisha mwani.

Nije kwenye maji, maana hapa ndipo kabomba ilipofia. Kisima cha Dar es Salaam mara nyingi ni cha maji magumu, na karibu na pwani huwa na chumvi pia. Kipimo unacho nyumbani. Sabuni ya mche ikikataa kutoa povu, na birika likiota ukoko mweupe ndani, maji ni magumu. Kama ni ya chumvi kiasi kwamba chai hainyweki, hayo hata valisneria atayavumilia kwa shida. Halafu chukua siki, idondoshee juu ya mchanga mweupe uliokauka na juu ya vipande vya matumbawe. Vitatoa mapovu, kwa kuwa ni chokaa. Ugumu wa maji peke yake siyo ugonjwa, na gapi wanaupenda. Lakini maadamu matumbawe yale yamo ndani, kila utakapojaribu kuyalainisha maji kwa kuchanganya ya mvua, mawe yatayarudisha kwenye ugumu.

Lililo muhimu zaidi ni hili. Katika maji magumu sehemu kubwa ya kaboni imefungwa katika umbo la bikaboneti. Baadhi ya mimea ina uwezo wa kuifungua na kuila, mingine haina. Kabomba hana, anatafuta hewa ukaa huru, na kwenye maji yako hufa kwa njaa huku chakula kimemzunguka. Valisneria anao. Ndiyo maana huyo peke yake kwako bado anasimama, ingawa amechafuka. Valisneria huota hata Ziwa Tanganyika, ambako pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu ambacho 7 ni katikati na juu ya hapo ni magadi, iko kati ya 8.5 na 9, juu kuliko ya visima vingi. Mwingine mwenye uwezo huo ni seratofilamu, ule mmea usio na mizizi wenye majani kama sindano laini, unaopatikana Ziwa Victoria. Hukua upesi, huelea, hunyonya amonia ya samaki, na huunyang'anya mwani chakula. Ukinunua mmea mmoja tu mwezi ujao, nunua huo, kutoka kwa mfugaji mwenzako anayeuotesha ndani ya tangi. Kriptokorini na kangaga wa Java nao huvumilia ugumu vizuri. Kabomba usiirudie hata ukipewa bure.

Kwa hiyo ondoa matumbawe na makombe. Mchanga wa pwani nao ubadilishe, polepole, theluthi moja kila wiki, ukianzia upande usio na kriptokorini. Chukua mchanga wa mto kwa wauza mchanga wa ujenzi, chekecha, baki na chembe za ukubwa wa punje ya ulezi, kisha osha na uoshe tena hadi maji yatoke meupe. Unahitaji kina cha sentimita tano, ambazo kwa tangi lako ni kama lita 11, nusu ndoo na kidogo. Wiki hizo chujio usilioshe, kwa sababu humo ndimo walimobaki bakteria wanaosafisha maji. Na kila wiki badilisha ndoo moja ya lita 20. Ukiweza, nusu ya ndoo iwe maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati. Maji ya bomba yakipatikana yatafaa pia, ila yalaze kwenye ndoo iliyo wazi usiku na mchana ili klorini itoke.

Kuhusu mbolea, naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa samaki hufa. Urea, DAP, CAN na samadi visiguse tangi lako hata punje. Vyote huleta amonia, na katika maji yenye pH 8 na joto la nyuzi 28 sehemu ya amonia iliyo sumu ni karibu mara kumi ya ile ya maji yenye pH 7. Kiasi kisichomdhuru samaki kwenye maji laini humuua kwenye maji yako ya kisima ndani ya usiku mmoja.

Naitrojeni na fosforasi mimea yako inazipata kwenye kinyesi cha gapi. Kalsiamu na magnesi ziko tele kisimani. Vinavyoweza kupungua ni potasiamu na madini ya chuma, na mmea wenyewe utakuambia kama utajifunza kutazama ni jani lipi linaugua. Kuna virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha kutoka jani moja hadi jingine. Vikipungua, huvinyang'anya majani ya zamani na kuyapa machanga. Potasiamu ni mojawapo: jani la zamani hutoboka vitundu kama vya sindano na kingo zake huwa njano. Naitrojeni nayo ni hivyo, ila jani lote la zamani hugeuka njano bila vitundu. Chuma hakihamishiki. Kikikosekana, majani ya zamani hubaki ya kijani na jani jipya hutoka limepauka, mishipa yake tu ikiwa ya kijani. Ndiyo maana nawahimiza wote wanaoniuliza watazame jani jipya. La zamani linaeleza habari za mwezi uliopita, tena kwako bado linaeleza habari za shambani lilikotoka.

Ukiona dalili ya chuma, dawa ya bei nafuu iko ardhini. Maji ya pH ya juu huharibu upesi mbolea ya chuma ya maji, ikaganda isifae, kwa hiyo kipeleke mzizini. Chukua udongo mwekundu wa mfinyanzi kutoka mahali pasipolimwa wala kupigwa dawa, ukande, viringa vidonge vya ukubwa wa punje ya karanga, uvianike juani hadi vikauke kabisa. Sukuma kimoja chini ya kila kisiki cha kriptokorini na valisneria, kiingie hadi chini ya mchanga. Kule chini kusiko na oksijeni chuma kilichomo huyeyuka taratibu na mizizi hukipata. Anubiasi na kangaga, kwa kuwa mizizi yao iko juu ya mawe, hawahitaji. Kwa potasiamu tafuta mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, utumie nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki. Lakini hiyo ni baada ya wiki sita, na iwe umeyaona matundu kwanza.

Joto nalo kidogo. Kuanzia Januari hadi Machi maji ya tangi Dar es Salaam hufika nyuzi 30 na kuzidi. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi mbili au tatu. Maji yanayopotea kwa mvuke yajazie kwa ya mvua, kwa sababu ya kisima yataongeza madini juu ya yale yaliyobaki.

Sasa la jirani yako. Ana nia njema, lakini bwawani usiende. Magugu ya mabwawa na kingo za maziwa yetu hubeba konokono wadogo, wakiwemo wale wa kombe bapa lililojikunja kama kamba, ambao ni miongoni mwa wanaobeba vimelea vya kichocho. Kuna hatari mbili hapo: ya kwanza ni miguu yako ndani ya maji unapochuma, na ya pili ni konokono mwenye vimelea anayeingia nyumbani akiwa amejificha janini. Akishaingia huendelea kuachia mabuu kwa wiki nyingi kwenye maji ambayo wewe na watoto mtatia mikono. Hakuna mmea unaostahili hayo.

Na kwa upande wa pili, vya tangi navyo visitoke kwenda bwawani. Gugu maji lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaja kuziba bandari na mialo yake, ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Seratofilamu atakapokushinda kwa wingi, na atakushinda, wagawie wenzako. Yaliyobaki yaanike juani hadi yakauke kabisa, ndipo uyatie kwenye shimo la mboji. Usiyamwage mtaroni.

Jumamosi hii basi: taa saa sita, anubiasi na kangaga juu ya mawe ya kawaida yasiyotoa povu kwa siki, matumbawe nje, majani mabovu yakatwe, ndoo moja ya maji ibadilishwe. Mengine yangoje. Baada ya wiki sita niandikie tena, uniambie kila mmea umetoa majani mangapi mapya na lile changa kuliko yote lina rangi gani, ndipo tuzungumze kama kuna haja ya mbolea.